Mpishi na Mnyama wa Kioo

Mji wetu mzima wa Baraka, kando ya ziwa, ulimwita Mpishi, na wengi wa rika langu hawakujua kama ana jina jingine. Watoto walimwita Baba Mpishi. Katekista alimwita Bwana Mpishi, hasa alipotaka kumgombeza kwa heshima. Mkewe, Mama Zaina, alimwita "huyu" tu: huyu amekula, huyu ametoka, huyu anadanganya watu tena. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa matete, na kwa kuwa ua ule ulikuwa na matundu mengi kuliko matete, miaka ile ya hamsini niliishi kama mwanamke aliyeolewa katika nyumba mbili.

Kazi yake ilikuwa kuwapikia Wazungu waliopita na kulala katika nyumba ya wageni ya serikali: mtu wa pamba, mtu wa barabara, daktari wa malale. Alivaa aproni nyeupe aliyoifua kila siku kwa mikono yake, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na sabuni. Katika mfuko wa shati alibeba kijiko. Kijiko hicho kilikuwa tishio la mtaa. Ulikuwa umeinama unachochea moto, ukiinua kichwa unamkuta Mpishi amefunua chungu chako, kijiko kimekwisha kuingia na kutoka.

"Mama Monitrice," aliniambia hivyo siku ya kwanza nilipohamia pale kama bibi arusi, kwa kuwa nilifundisha shule ya wasichana ya misioni, "sombe yako inalia."

"Inalia nini, Baba?"

"Inalilia mawese. Uimurudishie baba yake."

Nilikasirika siku nzima. Jioni niliyaongezea majani yale ya muhogo mafuta ya mawese, na mume wangu Wilondja akala hadi akalegeza mkanda. Sikumwambia Mpishi, lakini alijua. Alikuwa amesikia kupitia ua.

Ajabu ni kwamba nyumbani kwake hakupika kamwe. Alipikiwa na Mama Zaina, ambaye chumvi aliitia kama mtu anayezika kitu. Mpishi alikula bugali na ndakala, dagaa wa ziwa letu, zilizokauka kwa chumvi, machozi yakimlengalenga, akasema, "Mama Zaina, leo umeweza." Mgeni mmoja alipothubutu kuomba maji mara tatu katika mlo mmoja, Mpishi alimkemea kwa kukosa adabu. Mtu aliyewafundisha Wabelgiji tofauti ya mchuzi na maji ya kuoshea vyombo aliisifu chumvi ya mkewe kwa miaka ishirini, na sidhani kama alikuwa akijifanya.

Jambo jingine: aliogopa ziwa. Alikuwa amesafiri baharini, kwenye maji yasiyo na ng'ambo, lakini hakupanda mtumbwi hata siku moja. Akiwa na safari ya kijiji cha Swima alikwenda kwa miguu, viatu begani, huku wavuvi wakimpita kwa makasia na kumwita aingie. Wilondja, aliyekuwa mvuvi na aliyeudhika na jambo hili kama vile ziwa ni mali ya ukoo wake, alimwuliza sababu.

"Kule bahari kulikuwa daktari mu meli," alisema Mpishi. "Mu mutumbwi yako kuko nani?"

Sasa niseme jambo ambalo kila mtu alilijua. Mpishi alikuwa mwongo. Uongo wake haukumwibia mtu wala haukuvunja nyumba ya mtu. Ulikuwa uongo wa kunogesha, kama pilipili. Alisema melini, wakati wa dhoruba, alikanda mkate kwa miguu kwa sababu mikono ilikuwa imeshikilia dari. Alisema chui alishuka kutoka milima ya Fizi, akasimama mlangoni pa jiko la serikali, naye akamwonjesha supu. Kesho yake chui akarudi na mkewe. Alisema mfalme mmoja wa Ulaya alikula sombe yake, akamwandikia barua, na barua ile ikaliwa na mchwa pale Kalemie.

Watu waliamini. Habari ya chui hasa ilipendwa. Mwanamke mmoja wa upande wa Mutambala aliapa kwamba aliziona nyayo, za dume na za jike. Hata katekista, mtu makini ambaye hakucheka ila kwa sababu maalumu, aliwahi kuitaja barua ya mfalme katika mahubiri, alipozungumzia uchoyo wa mchwa.

Mpishi alisema kitu kimoja cha kweli maishani mwake, na hicho hakuna aliyekiamini.

Bwana mmoja aliyempikia kule Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa wakati ule, alikuwa mtaalamu wa samaki. Baada ya vita bwana yule aliitwa kwenye meli ya kuchunguza bahari, mbele ya pale mto wetu mkubwa unapomwagika, akakataa kwenda bila mpishi wake. Mpishi alikaa melini karibu mwaka. Aliporudi Baraka alikuwa na koti la mvua, kikaango kizito, na chupa yenye mdomo mpana iliyozibwa kwa nta. Kikaango alikipeleka jikoni kwa serikali. Koti alilivaa hata kiangazi. Chupa aliiweka sebuleni, juu ya kabati, na akaanza kuwaita watu.

Nilikuwa miongoni mwa wa kwanza. Ndani ya chupa, katika maji yenye harufu kali ya dawa, kulikuwa na kitu cheupe cha ukubwa wa kiganja, kimenyauka, chenye macho mawili makubwa na vijikono vifupi vilivyochomoza kichwani kama mizizi ya kitunguu.

"Unaona nini, Mama Monitrice?"

"Ninaona bugali yenye macho."

Alifumba macho kwa uchungu. "Huyu, akiwa muzima, hauwezi kumuona. Ni kioo. Ni maji yenye kusimama. Dawa ndiyo ilimuharibu hivi, ilimufanya mweupe kama maiti."

"Basi wewe ulimwonaje?"

"Nilimuona macho kwanza. Macho mawili yanatembea peke yao mu karai."

Unaona tatizo lake. Alikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ulimkanusha. Alisema mnyama ni mwangavu kama gilasi, kisha akakuonyesha tonge. Watu waliokubali chui na mkewe bila swali walisimama mbele ya chupa ile, wakatazamana, wakaondoka wakikohoa.

Jina lilitoka kwa baba mkwe wake, mzee wa msikitini ambaye mababu zake walitoka pwani ya mashariki. Mzee aliikodolea macho chupa kwa muda, akasema kwao zamani waliongelea mnyama wa bahari asiye na mfupa, mwenye mikono kichwani, anayetema wino, walimwita ngisi. Mpishi alifurahi kama mtu aliyepewa cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Tangu siku hiyo akamwita ngisi wa kioo.

Nilichogundua pole pole, kupitia matundu ya ua, ni kwamba alipomzungumzia mnyama huyu sauti yake ilibadilika. Mikono ilitulia. Hakuongeza neno. Ukimwuliza leo na ukimwuliza baada ya mwaka alikujibu vilevile, kama mtu anayesoma. Kwa chui, kila mara idadi iliongezeka. Mwishoni palikuwa na watoto watatu wa chui. Ngisi wa kioo hakuongezeka hata kidole.

Ndiyo sababu nilimwalika darasani. Katekista, aliyekuwa pia msimamizi wa shule yetu, aliketi nyuma kulinda imani.

Mpishi alikuja na aproni. Aliwaeleza wasichana kwamba wavu ulishushwa asubuhi na ulipandishwa baada ya chakula cha mchana, kwa jinsi bahari ilivyokuwa ndefu kwenda chini, na kwamba karibu kila kitu kilifika kimekufa. Siku moja mmoja alifika hai. Bwana wake aliomba karai haraka, na karai lililokuwa karibu lilikuwa la Mpishi, la kuoshea viazi.

"Nikachukua kopo la maziwa, nikaliweka nyuma yake," alisema. "Nikasoma maandishi yote ya kopo kupitia tumbo yake. Hata ile maandishi midogo ya chini, yenye kusema uweke pahali pa baridi."

Wasichana wakacheka. Akangoja wamalize.

"Ndani yake kitu kimoja tu ndicho kinaonekana. Ini. Iko nyembamba kama ndimi ya mushumaa, inangara. Bwana akamugeuza na kijiti, kichwa chini, miguu juu. Ini ikageuka, ikasimama tena. Akamulaza. Ini ikasimama tena." Hapo alitoa kijiko mfukoni, akakifunga uzi, akakining'iniza ndani ya gilasi tupu, akaigeuza gilasi huku na huku, kijiko kikabaki wima. "Ni juu ya adui. Adui iko chini, inaangalia juu, inatafuta kivuli. Kitu chenye kusimama wima kivuli yake ni ndogo."

Msichana mmoja, Riziki, aliyekuwa hodari wa maswali kiasi cha kunichosha, akanyoosha mkono. "Na macho, Baba? Macho haiwezi kuwa kioo?"

"Hapana. Jicho likiwa kioo halione tena. Bwana alisema chini ya kila jicho iko taa ndogo, ya kufuta kivuli ya jicho."

Darasa lote likasema "Eeeh!" nami nikaandika ubaoni: *Ngisi wa kioo ana taa chini ya macho.*

Kisha akaeleza kwamba bwana alipomgusa sana, mnyama alivuta kichwa na mikono yote ndani ya mwili wake, akawa mviringo kama chungwa, kisha akamwaga wino, si nje kama ndugu zake, bali ndani yake mwenyewe. Akawa mpira mweusi. Baada ya muda akautema wino, akawa maji tena. Na anaeleaje bila kuchoka? Hapo Mpishi alimtazama katekista, akasita, akasema ukweli: ndani ya mwili ana mfuko mkubwa, na mfuko huo umejaa maji ya namna ya mkojo, mepesi kuliko maji ya bahari.

Wasichana arobaini walipiga kelele kwa pamoja. Katekista akasimama.

"Bwana Mpishi! Mungu hawezi kuumba kiumbe akakieleza kwa mkojo!"

"Bwana Katekista, mi sikumuumba. Mi niliazima karai tu."

Nilipokuwa natafuta namna ya kufunga kipindi, Riziki alinyoosha mkono tena. "Baba, mulimukula?"

Mpishi aliitazama aproni yake. Kisha akakiri mbele ya watoto jambo ambalo nadhani hata mkewe alikuwa halijui. Wavu wa siku nyingine ulileta wanne waliokufa. Bwana aliwapanga mezani, akaenda kuoga. Mpishi aliwatazama. Alikuwa amepika kila kilichotoka majini tangu ujana wake. Akamchukua wa nne, akamtia katika supu yake mwenyewe na kitunguu.

"Na alikuwa tamu?"

"Alikuwa kama kulamba ukuta wa choo," alisema Mpishi kwa huzuni. "Ndiyo nikajua bwana alisema kweli juu ya ule mufuko."

Bwana aliporudi akauliza wa nne yuko wapi. Mpishi angeweza kusema ndege. Angeweza kusema upepo. Mtu aliyemleta chui na mkewe mlangoni angeshindwa na upepo? Lakini alisema, "Nimemula, Bwana, nilitaka kujua." Bwana akamwomba aeleze ladha, akaiandika. Siku ya kuagana alimpa chupa.

Wiki iliyofuata nilipata barua ya onyo kutoka kwa katekista, yenye neno "kiowevu" mahali pa neno lililomuudhi.

Jioni ile Wilondja alikuwa na pingamizi lake mwenyewe. "Kama mukojo inaelesha muntu," alisema akirekebisha wavu, "basi siye bavuvi hatungezamaka, juu tukiona mawimbi…" Sikumruhusu amalize.

Tulicheka hivyo mpaka ndakala walipopotea.

Mwaka ule ziwa lilikauka samaki. Mwezi mmoja ukapita, wa pili ukaingia, mitumbwi ikirudi na nyavu safi kama zilizofuliwa. Majirani zetu wa Makobola walikuwa wanapata, wa Swima wanapata kidogo, sisi hakuna. Watu walikula mihogo na majani ya lengalenga, wakakondeana, wakaanza kutazamana. Mtu mmoja, sitamtaja kwa kuwa watoto wake ni majirani zangu hadi leo, alisema kwamba kuna nyumba yenye mnyama asiye na mfupa, macho yake yanaangalia ziwa kupitia dirisha mchana kutwa, na kwamba ndakala wakiona macho yale wanageuza njia.

Mara hii waliamini upesi. Waliokataa kwamba mnyama yule alikuwa kioo walikubali kwamba anafukuza samaki. Mpishi akawa hasalimiwi. Vyungu vikafunikwa alipopita. Mtu akatupa jiwe kwenye paa lake, na Mama Zaina akasimama nje akalirudisha, akiuliza nani amepoteza kitu chake. Hatimaye shefu, chifu wetu, akamwita yeye na chupa yake, na Baraka yote ikaenda barazani.

Sijawahi kumwona mtu akiogopa vile. Aliibeba chupa kifuani, imefungwa kwa aproni. Ikiwa shefu angeamua ni uchawi, angefukuzwa, na serikali haimpi jiko mtu aliyefukuzwa na watu wake.

"Ile kitu inafanya nini?" aliuliza shefu.

"Haifanye kitu, Shefu. Imekufa."

Mtu akapaza sauti nyuma: "Aseme ni ya kuleta samaki, atugeuzie!"

Shefu, aliyekuwa mtu wa kutafuta njia rahisi, akainama mbele. "Unasikia? Kama iko na nguvu ya kufukuza, iko na nguvu ya kuita. Uiambie iite, mambo iishe."

Niliona mlango umefunguka. Maneno mawili tu, na Mpishi angetoka pale akiwa mkubwa wa ziwa. Maneno kama hayo alikuwa nayo magunia. Nilimwomba moyoni adanganye.

Alitikisa kichwa. "Shefu, hii ni nyama tu. Iko na ini yenye kusimama wima. Haiko na kitu kingine. Hata ikiwa nzima haijui jina ya Baraka."

Watu wakaguna. Ndipo Mama Zaina aliposimama, bila kuitwa, akafunga kitenge vizuri.

"Bakubwa, muniache niseme. Huyu namufahamu. Ile chupa iko mu nyumba yangu miaka. Kama ingekuwa na nguvu, paa yangu ingevuja? Panya analala nyuma yake, anazaa pale, analea batoto pale. Kitu chenye kushindwa na panya kitaweza ndakala ya ziwa muzima?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikapita kwa wavuvi, kikamfikia shefu aliyekuwa akijizuia. Hata katekista alitoa sauti ndogo kupitia pua. Lakini shefu alihitaji hukumu, kwa kuwa watu walikuwa wamefunga kazi. Alifikiri, akatamka kwamba chupa ibaki, ila mnyama asitazame ziwa. Atazame Fizi, milimani, ambako hakuna samaki wa kufukuza.

Mpishi aliigeuza chupa siku ileile, mbele ya mashahidi wawili. Majuma mawili baadaye ndakala walirudi kwa wingi hata mbwa walichoka. Wavuvi walisema hukumu imefanya kazi. Mpishi alisema samaki wanahama, bwana wake alimwambia hivyo. Hakuna aliyemsikiliza, walikuwa wanakula.

Kisha wakaja wanaume watatu kutoka Swima, wamevaa vizuri, na jogoo mwekundu mkononi. Nilikuwa uani nikianika nguo, nikasikia yote. Waliomba jambo dogo: chupa igeuzwe kidogo, itazame Makobola, ili samaki wa kule wakimbilie kwao.

"Haiwezekani," alisema Mpishi. "Ni nyama tu."

"Tunafahamu, Baba. Ugeuze tu."

"Nikigeuza, nitakuwa nimewadanganya."

Wakacheka kwa mshangao, maana na Swima walikuwa wanazijua habari za chui. Lakini hakugeuza. Waliondoka wakisahau jogoo kwa aibu, na Mpishi, baada ya kuita mara mbili kwa sauti ambayo isingefika hata kwenye ua wetu, alimchinja. Sikusema alikuwa mtakatifu.

Mwisho wa miaka ile ya hamsini, wakati redio zilipoanza kusema maneno mapya na wanaume wakakaa vikundi vikundi, alifika mtaalamu mmoja wa Kibelgiji wa kuchunguza samaki wa ziwa letu. Alikuwa kijana, mwenye pua iliyobabuka kwa jua na daftari asiloliacha. Mpishi alikuwa amekwisha kuzeeka. Jiko la serikali lilikuwa la mtu mwingine. Mzungu aliposikia habari ya chupa kutoka kwa wavuvi, akataka kuiona. Nami nikaitwa nitafsiri, kwa Kifaransa changu cha masista.

Tulikaa barazani kwa shefu. Watu walikuwa wengi: shefu mwenyewe, katekista, Wilondja, hata yule aliyewahi kuishtaki chupa. Mzungu aliishika kwa mikono miwili, akaitazama dhidi ya mwanga, na nikaona uso wake ukibadilika. Alitaja jina refu la Kilatini. Akasema vitabuni mnyama huyu hujulikana kwa maiti yake tu, na kwamba watu waliomwona akiwa hai wanahesabika.

Nilitafsiri. Miaka karibu kumi ya kicheko iliondoka pale kama moshi. Katekista alivua kofia.

Kwa muda mrefu Mzungu aliuliza na Mpishi akajibu: karai, kopo la maziwa, ini lililosimama, wino wa ndani, hata ladha. Mzungu aliandika kila kitu. Sikuwahi kuona mtu akimwandika mmoja wetu namna ile, neno kwa neno, kama anayeogopa lisije likapotea. Nilijisikia nimejaa fahari hadi kooni.

Kisha akauliza: "Zile taa chini ya macho. Aliziona zikiwaka?"

Nilitafsiri.

"Sikuona," alisema Mpishi. "Karai lilikuwa juani, muchana. Bwana alisema ziko. Mi mwenyewe sikuona."

Nilimtazama. Baraza lote lilimtazama likingoja Kifaransa changu. Nilifikiria maandishi yangu ubaoni, na wasichana niliowafundisha taa zile mwaka baada ya mwaka kwa jina lake. Mzungu alikuwa ameinama, kalamu tayari, macho yanang'aa. Ilikuwa siku ya Mpishi. Kwa nini ipungue?

"Anasema ndiyo," nilimwambia Mzungu. "Aliziona. Ziliwaka kidogo, rangi ya buluu."

Kalamu ikaanza kukimbia. Lakini nilikuwa nimesahau kwamba mtu hawezi kukaa katika majiko ya Wabelgiji maisha yake yote bila kuokota maneno. Mpishi aliinua mkono.

"Non," alisema, kwa Kifaransa cha jikoni, kizito. "Madame amekosea. Moi, pas vu."

Kisha akanigeukia, bila hasira, kama siku ile ya sombe. "Mama Monitrice, umwambie nilivyosema. Hapa asiandike kitu chenye sikuona."

Sijui uso wangu ulikuwa na rangi gani. Nilimwambia Mzungu kwamba nilitafsiri vibaya. Alinitazama, akamtazama mzee, akafuta mstari, akaandika mwingine mfupi zaidi. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea: alirudi kurasa za nyuma, akapiga alama ndogo kando ya majibu yote yaliyotangulia, moja baada ya jingine, kama mtu ambaye sasa ameamua kuyaamini.

Mwishoni aliuliza jina la shahidi. Mpishi akalitaja lote, la kwake, la baba na la babu, pole pole, na mimi nikalitamka herufi kwa herufi bila kuongeza hata moja.

Tulirudi nyumbani pamoja, yeye, mimi na Wilondja aliyeibeba chupa. Mpishi alitembea na koti lake la mvua katika jua la saa tisa, ametulia. Karibu na soko tulikutana na mama mmoja muuza mawese, akauliza yule Mzungu alitaka nini.

"Aaa, Mama," alisema Mpishi, akisimama, mikono ikiamka. "Alipiga magoti. Mbele ya Shefu na bantu bote. Alilia. Alisema Baba, tupande ndege leo, mufalme anakungojea, hajakula tangu juzi."

Mama muuza mawese aliweka debe chini, akanigeukia, macho yamemtoka. "Ni kweli, Mama Monitrice?"

Wilondja alikohoa. Mpishi alinitazama kwa pembe ya jicho, akingoja.

"Magoti yote mawili," nikasema.